Mkono wa Breki

Mawe ya Singida hayajifichi. Mjini yamezunguka maziwa ya Singidani na Kindai, na ukiiacha lami ya Nzega pale Iguguno ukashika njia ya Nduguti, yanakufuata hadi Kinyangiri. Mengine yamelala bapa, akina mama wanaanika mtama juu yake. Mengine yamebebana: jiwe la ukubwa wa nyumba limekalia ncha ya jiwe dogo, na mbuzi wanapumzika kivulini bila wasiwasi. Ni granaiti kongwe, sehemu ya ule mwamba wa katikati ya Tanzania ambao wanajiolojia wanaupa umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ukiupapasa kwa kiganja unakwaruza kama msasa, na hiyo ni habari njema kwa mtu mwenye viatu vya kupandia.

Nilikuja na viatu hivyo, kamba ya meta 60, hanesi mbili, yaani ile mikanda ya kiunoni yenye vitanzi vya mapajani, na helmeti mbili. Ufundi wenyewe niliujifunza Kenya. Nilitaka kuona unakuwaje mahali ambapo hakuna klabu wala ukuta wa mazoezi, na watoto wanapanda majabali pekupeku wakitoka kuchunga. Sikusafiri kwa ajili ya kupanda. Nilisafiri kwa ajili ya yule anayebaki chini ameshika kamba, ambaye picha za magazeti humkata kila mara kwa kuwa hana la kuonyesha.

Lukenya kwanza

Lukenya ni kilima cha miamba kusini-mashariki ya Nairobi, pembeni ya barabara ya Mombasa. Wanachama wa Mountain Club of Kenya, klabu iliyoanzishwa mwaka 1949, wamefanyia mazoezi hapo kizazi baada ya kizazi. Kwa kulinganisha, Hell's Gate kule Naivasha ina kuta ndefu za mwamba wa volkano na mnara wa Fischer, wenye kimo cha takriban meta 25, uliopewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika bonde lile mwaka 1883. Kwa mwanafunzi naipendelea Lukenya. Kuta zake nyingi ni fupi, na aliye chini anamwona na kumsikia aliye juu.

Mwalimu wangu pale alikuwa mama wa makamo, mkali, aliyezoea kusema maneno machache. Siku ya kwanza hakuna aliyegusa mwamba. Alipitisha kamba juu ya tawi la mti, akafunga ndoo ya mawe upande mmoja, upande wa pili akatuunganisha sisi. Tukashika kamba, tukavuta, tukashusha ndoo, tukapandisha tena, hadi vijana wawili wakaanza kunung'unika kwamba hawakulipa nauli kuja kuchota maji. Akawaambia wanaochota maji wana akili, maana ndoo ikiwaponyoka wanajua.

Mpango wenyewe ni huu. Kamba inatoka kwenye hanesi ya mpandaji, inapanda hadi kileleni ambako imepitishwa kwenye karabina, zile pete za chuma zenye mlango, kisha inarudi chini kwa mshika kamba. Kwenye hanesi ya mshika kamba kuna breki, kidude kidogo cha chuma chenye tundu mbili. Kamba inaingia kwenye breki, inajikunja kwenye karabina, inatokea upande wa pili na kuingia mkononi. Mkono huo, wa kulia kwa wengi wetu, ndio mkono wa breki. Ukiwa chini karibu na nyonga, kamba inapinda kwenye kona kali na msuguano unaikaba. Ukiinuliwa sambamba na kamba ya juu, kona inafunguka na breki inakuwa pambo tu.

Ndiyo maana somo zima liko katika kuzoeza mikono miwili isifanye yale inayotaka yenyewe. Mpandaji akipiga hatua, kamba inalegea. Mkono wa kushoto unaivuta chini, wa kulia unaivuta nje ya breki, na papo hapo wa kulia unarudi chini kwenye nyonga. Sasa uko mbali na breki, na unahitaji kusogea. Wa kushoto unashuka, unashika kamba chini ya breki, wa kulia unateleza juu bila kufumbuka, na wa kushoto unarudi mahali pake. Huo ndio mzunguko, na unaanza tena kwa kila hatua ya mpandaji. Vidole vya kulia havifumbuki hata kidogo, hata nzi akitua puani, hata simu ikiita, hata mpandaji akisema amefika na anajishikilia mwenyewe.

Makosa ya wanaoanza yanafanana kila mahali. Wapo wanaokaza kamba mpaka mwenzao anavutwa juu na kupoteza raha yote. Wapo wanaoiacha ikining'inia hadi magotini kwa sababu wamezama kutazama mpando mzuri. Wengi husimama mbali na ukuta ili waone vizuri, hata uzito ukija wanaburutwa kwenda mbele kabla breki haijafanya kazi. Mwalimu alitupanga hatua moja pembeni ya mstari wa kuangukia, karibu na mwamba, mguu mmoja mbele. Akatufundisha kutazama miguu ya mpandaji kuliko mikono. Goti likianza kutetemeka, kaza kamba kidogo, usingoje uitwe.

Na mwisho wa kamba lazima uwe na fundo. Hili alilirudia kuliko yote. Watu wengi huumia wakati wa kushushwa, mchezo ukiwa umekwisha na moyo umetulia: kamba haitoshi kupanda ukuta na kurudi chini, ncha inapita kwenye breki, mtu anadondoka.

Kinyangiri, upepo na mzee wa asali

Kinyangiri ni kata ya Mkalama, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Nilimpata mwenzangu hapo, mwalimu kijana wa shule ya msingi aliyekuwa na hamu ya kujua chochote kipya na hakuogopa kuuliza. Aliniita kaka, nami nikamwita mwalimu, jambo lililomchekesha kwa kuwa mwanafunzi alikuwa yeye. Tulichagua jabali lenye kimo cha ghorofa tatu hivi, lenye mteremko upande wa nyuma ambao mtu anaupanda kwa miguu. Kule juu tulizungushia mikanda mawe mawili makubwa yaliyojikita, kila moja na mkanda wake, halafu tukaiunganisha mikanda yote miwili kwenye karabina. Mawili, kwa sababu jiwe moja linaweza kukudanganya. Kabla ya kulifunga nililisukuma, nikaligonga, nikachungulia chini yake kuona limekalia nini. Granaiti ya huku hubanduka magamba, vipande vipana vinavyolia kwa uwazi ukivigonga. Kwenye hivyo hatukufunga kitu.

Tofauti ya kwanza na Lukenya ni upepo. Singida ina upepo usiochoka, na mradi wa kuzalisha umeme kwa upepo umezungumzwa huko miaka mingi. Juu ya jabali sauti zinachukuliwa kabla hazijafika chini. Kenya tulikuwa tumekariri amri za Kiingereza. Hapa tulitunga zetu, na ilibidi tuzijaribu kwanza. "Vuta" na "shusha" kwenye upepo zilitatanisha, mara mbili mwalimu akaniuliza nimesema nini. Tukabaki na "kaza", "legeza" na "niteremshe", neno refu lisiloweza kuchanganywa na lingine. Kila amri ikijibiwa kwa jina la aliyeitoa. Usiposikia jina lako, hukusikilizwa.

Siku ya pili akaja mzee mmoja wa kijiji, mrina asali wa zamani. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kivuli cha jiwe akitutazama kwa muda mrefu bila neno. Mwalimu alikuwa akifanya mazoezi na ndoo. Mzee akainuka, akaomba ile ncha ya kamba, akatafuta kisiki cha mgunga karibu na mtaro, akakizungushia kamba mara mbili, kisha akanipa ishara nipandishe ndoo na kuiachia. Ndoo ilikuwa na mawe ya kutosha kumfanya mwalimu agumie. Mzee aliishusha kwa vidole viwili. Akaisimamisha katikati ya hewa, akakohoa, akatazama ng'ombe wakipita, akaendelea kuishusha.

Alitueleza kwa kifupi. Enzi zao mzinga wa gogo ulipandishwa mtini kwa kamba iliyopita juu ya tawi, na asali ilishushwa kwa njia hiyohiyo, ikiwa kwenye chombo. Aliye juu, katikati ya moshi na nyuki, hana nafasi ya kutunza kamba, kwa hiyo kazi hiyo ni ya aliye chini, na aliye chini hashindani na mzigo kwa misuli, anauzungushia shina. Siku za kamba za magome, alisema, shina lilikuwa muhimu zaidi, kwani kamba ikichezea mikononi inachuna ngozi.

Hesabu yake ni kali kuliko inavyoonekana. Msuguano wa kamba kwenye shina hauongezeki kwa kujumlisha, unazidisha. Ukichukua kamba na gome la kawaida, mzunguko mmoja kamili unaweza kupunguza mzigo mara sita au saba. Wa pili unazidisha tena, zaidi ya mara 40. Mtu wa kilo 60 anakuwa kilo moja na nusu mkononi. Mabaharia wa pwani wanaofunga majahazi kwenye nguzo za bandari wanalijua hilo kwa mikono yao, na kile kidude cha breki kilichotengenezwa kiwandani Ulaya ni kisiki cha mzee kilichopunguzwa ukubwa kikaingia mfukoni.

Baada ya pale sikuhitaji tena kumweleza mwalimu kwa nini mkono ushuke kwenye nyonga. Alikwisha kuona. Alipopandisha mkono kwa kusahau, mzee alitoa sauti moja ya koo, na mkono ukarudi chini. Nimefundishwa na watu wenye vyeti ambao hawakuwa na sauti ile.

Tofauti ya pili ilinipata wakati wa kupima uzito. Mwalimu ni mwembamba, mimi sivyo. Kwenye kamba ya juu mshika kamba mwepesi ananyanyuliwa pale mzito anapokaa kwenye kamba, na akinyanyuliwa akagonga jiwe kichwa, mkono unaweza kufumbuka. Lukenya tungebadilishana washikaji mpaka uzito ulingane. Kinyangiri mshikaji alikuwa mmoja tu, kwa hiyo tulimfunga kwa mkanda kwenye mzizi nyuma yake, mkanda ukiwa umekazwa ili asisogee. Hakuupenda. Alisema anajihisi mbuzi.

Vigingi kwenye mbuyu

Kaskazini mwa wilaya hiyohiyo, kuelekea Munguli na bonde la ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe. Hawa wanapanda mibuyu kufuata asali bila kamba yoyote. Wanachonga vigingi vya mti mgumu, wanavigongelea kwenye shina laini la mbuyu kwa kichwa cha shoka, wanasimama juu ya kimoja na kugongelea kingine juu yake, hadi kwenye tundu la nyuki. Ndege aitwaye mlembe huwaongoza hadi mtini, moto huwasaidia kutuliza nyuki, na mwenzao chini anaweza kuwarushia kijinga cha moshi. Lakini aliye juu akianguka hakuna mkono wa kumdaka.

Wageni wengi wakiona hilo husifu ujasiri. Mimi niliona kazi ya ukaguzi. Kigingi kinagongwa na mtu yuleyule atakayekikanyaga, dakika moja baadaye, huku amesimama juu ya kile alichokigonga kabla yake. Hakuna anayepokea kazi ya mwingine bila kuijaribu. Pale penye vigingi vya zamani, vilivyoachwa na aliyepanda misimu iliyopita, swali ndilo lilelile ninalojiuliza mbele ya jiwe la kufungia mkanda: hiki kimekalia nini?

Sisi wa kamba tumeigawa kazi hiyo kwa watu wawili, na hapo ndipo hatari yetu inapoingia. Mwaka 1989 huko Buoux, Ufaransa, Lynn Hill wa Marekani, ambaye tayari alikuwa miongoni mwa wapandaji bora duniani, alianza kufunga fundo lake, akakatizwa, na koti likafunika hanesi. Akapanda ukuta mzima. Alipofika juu akajiachia ili ashushwe, na fundo ambalo halikumalizika likachomoka. Alianguka zaidi ya meta 20, matawi ya mti yakampunguzia kasi, akanusurika na majeraha. Miaka minne baadaye alikuwa mtu wa kwanza kupanda njia iitwayo The Nose huko El Capitan kwa mikono na miguu tu, kamba ikiwa ya kumdaka peke yake. Fundo halikumjua yeye ni nani. Ndiyo sababu kabla ya kila mpando wawili wanakaguana: mshika kamba anashika fundo la mpandaji kwa vidole, mpandaji anaitazama breki ya mshika kamba na kufinya mlango wa karabina kuona kama umefungwa. Kutazama kwa mbali na kuitikia kwa kichwa si ukaguzi.

Batian

Mwalimu aliniuliza watu walifanyaje kabla ya breki kuwepo. Walitumia miili yao. Kamba ilizungushwa kiunoni au begani, na msuguano ukawa wa nguo na ngozi.

Mfano ulio karibu nasi uko Mlima Kenya. Septemba 1970 madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa wamefika Batian, kilele cha meta 5,199, wakaanza kushuka. Jiwe alilolitegemea Judmaier likang'oka, akaanguka na kuvunjika mguu vibaya. Oelz aliizuia kamba kwa mikono, viganja vikaungua, lakini kamba haikumponyoka. Uokoaji ulichukua zaidi ya wiki, ukiwaleta pamoja wapandaji wa Kenya na kikosi kilichotoka Innsbruck, na helikopta iliyokuwa ikisaidia ilianguka na rubani wake kufa. Judmaier aliishi. Kabla ya madaktari, waokoaji, ndege na vyombo vya habari, palikuwa na viganja viwili ambavyo havikufumbuka.

Mlima huohuo una hadithi ya kamba mbaya pia. Januari 1943 wafungwa watatu wa Kiitalia walitoroka kambi ya Nanyuki ili wapande mlima waliokuwa wakiuona kupitia seng'enge. Felice Benuzzi na wenzake walitengeneza vifaa kwa takataka za kambi, na kamba zao zilitokana na nyuzi za katani za vitanda vyao. Batian iliwashinda, lakini wawili kati yao walifika Lenana, wakasimika bendera, kisha wote wakarudi kambini wenyewe kukabidhiwa adhabu yao.

Katani tunaijua. Richard Hindorf alileta miche 1,000 Tanga mwaka 1893, ikapona 62, na kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba ya baadaye. Kufungia mzigo ni kamba nzuri. Kumdakia mtu ni hatari, kwa kuwa hainyumbuki. Kamba za leo za kupandia zina utumbo wa nailoni uliosokotwa ndani ya ganda, na zinarefuka uzito unapoingia, ili mshtuko uishe polepole. Shirikisho la kimataifa la vyama vya wapanda milima, UIAA, linazijaribu kwa kuangusha uzito wa kilo 80 tena na tena: kamba isikatike, wala isimpige aliyefungwa kwa nguvu inayozidi uzito wa takriban kilo 1,200. Kamba ya kuvutia ng'ombe inaweza kuwa na nguvu kuliko hiyo na bado ikamvunja mtu mgongo kwa ugumu wake. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, lakini ngumu isiyokatika nayo ina maafa yake.

Sekenke

Kutoka Iguguno barabara ya Nzega inashuka mlima Sekenke, uliokuwa ukitisha madereva wa malori, na chini ya hapo, upande wa Shelui, kuna dhahabu. Wajerumani waliichimba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1916, walipozingirwa na kukosa fedha, walitumia dhahabu ya Sekenke kufua sarafu za rupia 15 huko Tabora, zenye tembo mbele ya mlima. Leo wachimbaji wadogo wanashuka kwenye maduara, mashimo wima yaliyozuiwa kwa matimba. Mwalimu alinipeleka kwa sababu alisema, na alisema kweli, kwamba nikiandika habari za kushika kamba Singida bila kufika kule nitakuwa nimeandika mchezo wa wageni.

Winchi niliyoionyeshwa ilikuwa gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili, na mpini wa chuma kila upande. Kamba ya manila imezungushwa kwenye gogo, ncha yake ina kitanzi anachokalia mtu. Vijana wawili wanashusha kwa kurudisha mpini taratibu, kifua kikiegemea gogo kama breki ya ziada. Aliye chini hawaoni wala hasikiki vizuri. Wanaongea kwa kamba: ikitikiswa mara moja, simama, mara mbili, vuta. Niliweka kiganja kwenye mpini wakati mfuko wa mawe unapandishwa. Unauhisi uzito ukitafuta nafasi ya kurudi chini, na mpini ukikuponyoka unakuja kukupiga taya.

Niliwauliza wanajifunza vipi. Yule mkubwa akacheka: "Kaka, unaanza na mifuko. Ukidondosha mifuko, mtu hakupi nafsi yake." Ndoo ya mwalimu wangu wa Lukenya, neno kwa neno.

Lakini kuna jambo moja linalotenganisha kabisa winchi na jabali, na kwangu ndilo lililonipa maana ya safari. Kwenye jabali tunabadilishana. Dakika kumi zijazo nitafungwa kwenye kamba ambayo sasa naishika, na aliyepo juu atanishika kwa uangalifu uleule nilioutumia kwake. Uzembe wangu unanirudia kabla jua halijasogea. Pale kwenye winchi, anayeshika kamba na anayeshuka si watu wa zamu moja. Aliyenijibu alisema hajashuka duara lile hata siku moja, kifua hakimruhusu. Uangalifu wake unategemea tabia yake, urafiki wao na mgawo wa jioni. Tabia yake ilikuwa njema, niliiona. Ila sheria ya mchezo wetu, kwamba kila mshikaji ni mpandaji, inawabana hata wasio na tabia njema. Klabu zinazoruhusu mtu apande siku nzima bila kushika kamba zinalea wabovu, na kumbi mpya zenye mashine ya kujifunga yenyewe juu ya ukuta, kama zile za mashindano ya kasi ya Olimpiki, zinatoa wapandaji hodari ambao hawajawahi kumshika mtu.

Mwalimu hakuvutiwa na falsafa hiyo. Alikuwa anatazama gogo. Kwa nini, akauliza, breki zenu zinakaba zenyewe na hii haikabi? Kwa kweli hata zetu nyingi hazikabi zenyewe; zile zinazojisaidia, kama Grigri ya Petzl iliyotoka mwaka 1991, bado zinadai mkono. Lakini swali lilikuwa zuri. Gogo likifungwa gurudumu la meno pembeni, na ulimi wa chuma ukawa unaangukia kila jino linapopita, mpini ukiponyoka wakati wa kupandisha unasimama palepale. Wakati wa kushusha ulimi unainuliwa, na kazi inarudi kwa kifua na mikono. Ni chombo cha karne nyingi, kipo hata kwenye jeki za magari.

Tulirudi Singida mjini na swali hilo kwa fundi wa kuchomelea karibu na stendi. Alichora gurudumu nyuma ya risiti ya kuni, akachora ulimi, akafuta ulimi akauchora upya ukiwa mfupi zaidi. Meno kumi na mawili, alisema, yasiwe mengi, vumbi litayaziba. Chuma cha springi ya lori kinatosha. Kisha akauliza unene wa gogo. Mwalimu akapiga simu Sekenke, akasubiri, akasikia kelele za winchi, akatuambia: shibiri mbili kasoro vidole vitatu. Fundi akaweka chaki chini, akamtazama, akauliza ni shibiri ya nani, ya yule mkubwa au ya yule mdogo.